Mutoto Iko na Repo

Telefone ililia wakati nilikuwa nachagua maharagi. Mi sikusoma, lakini telefone naijua: ya kijani unafinya, ya mwekundu unaacha. Nikafinya ya kijani. Mwanaume moja akaniita Mama. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutoka mu tumbo, sauti ya mutu mwenye kushiba. Na Swahili yake ilikuwa ya wale wanatoka mbali, wenye wanaota hata ndoto mu Lingala na 'yako' wanasema 'na wewe'.

"Allô, Mama? Mama ya soda? Mi niko komanda na ye." Akapumua. "Mama... mutoto na wewe iko na repo. Siye tuko narudisha ye na nyumba."

Akaongeza maneno mbili mu Lingala yake, kisha laini ikakatika.

Repo! Huku kwetu mu milima ya Masisi, upande wa Muheto, kila mama ya soda, mwenye mutoto yake iko mu jeshi, anajua repo ni nini. Soda wa repo anafika, anavua biatu, analala mpaka jua inamupiga ku tumbo. Anakula bugali ya watu wane. Anapanda juu ya nyumba anaziba fasi yenye mvula inapitia, anagombana na mi kidogo, kisha anarudia kazi. Mutoto yangu ya mwisho alikuwa kule Walikale, mu pori, upande wa Buleusa. Ilikuwa siku mingi sisikie sauti yake. Na sasa, repo! Nikaacha maharagi pale chini, kuku wakaanza kuchagua fasi yangu.

Nikaenda ku sanduku ya bati. Ile sanduku nimetoroka nayo ku kichwa kila mara vita ilitufukuza. Ilifika mpaka Mweso, ikalala mu nyumba ya masomo, ikalala mu kanisa, ikalala chini ya bashi, ile plastiki ya wakimbizi, na mvula ikaipiga ngoma usiku muzima. Watu walikuwa nanicheka: "Mama, wengine wanabeba unga, we unabeba takataka!" Niliwajibu na sauti ya mupadri: "Wanangu, unga inaisha."

Nikaifungua, nikaanza kutosha vitu moja moja, ya kumuonyesha wakati atafika. Kulikuwa gurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya miti ya kusukuma. Haikuwa chukudu ya wakubwa, ya kubeba viazi na makala, hapana. Ilikuwa kachukudu ya mutoto, yenye alichonga mwenyewe na panga yangu, ikaharibisha panga, nikamukimbiza mpaka ku shamba ya jirani. Kulikuwa kikombe ya bati bila mukono. Kulikuwa kashati yake ya batizo, nyeupe, sasa imekuwa rangi ya chai. Kulikuwa kofia ya kaka yangu, mujomba yake. Kaka yangu alikufa akituachia ile kofia na mbuzi zake. Mbuzi, wenye bunduki walikula. Kofia haiko ya kukula, njo ikabakia.

Chini kabisa kulikuwa saché ya plastiki, imefungwa na kamba mara nyingi sawa vile mutu anafunga sumu. Nikafungua. Ilikuwa triko yake ya kijeshi, yenye aliacha mu repo ya mwisho. Harufu ikatoka: moshi, jasho, tumbako, pori. Nikasema, haya! Soda anarudia nyumbani, na triko yake inanuka sawa beberu! Bibi yake iko anafanya nini? Nikachukua sabuni, nikaenda ku maji, nikaifula mpaka maji ikawa nyeusi, kisha nyeupe. Nikaianika ku kamba.

Mukamwana, bibi ya mutoto yangu, akatoka ku shamba pamoja na jirani yetu, mujane moja, bwana yake alikuwa soda vilevile. Walikuwa na majembe ku bega. Mukamwana akaona ile triko ku kamba inatonya maji. Akasimama.

"Mama, uliifula?"

"Niliifula! Bibi ya soda, unaficha triko kuchafu mu saché ya nini? Mutu wako iko nakuya na repo. Utamunusa mwenyewe, usiku muzima, na hakuna mutu atafunga kamba!"

Mujane akacheka mpaka akatupa jembe. Mukamwana akaziba uso na kitenge, akacheka vilevile, lakini kidogo, na macho yake ikabakia ku triko.

"Nani alisema repo?" akauliza.

Sasa mi, muniache na hii tabia yangu. Tangu utoto, sauti ya mutu ikiingia mu masikio yangu, inatokea mu kinywa yangu sawasawa. Naweza kuwapa katekista vile anasoma na pua. Naweza kuwapa mama wa soko ya Mweso akikataa bei. Wakati tulikuwa mu bashi, watu walikuwa nakuya jioni kunisikiliza, juu hakukuwa radio. Basi nikasimama, nikatosha tumbo mbele, nikamutengeneza komanda:

"Allô, Mama? Mama ya soda? Mi niko komanda na ye. Mama, mutoto na wewe iko na repo. Siye tuko narudisha ye na nyumba!"

Wakacheka. Mukamwana akaanza kucheka ya kweli sasa. Mi nikasikia utamu, nikarudilia tena, na kukohoa kidogo ya mukubwa wa jeshi juu yake.

Mujane akaacha kucheka.

"Mama," akasema, "sema tena. Usiongeze kitu. Sema sawa vile yeye alisema."

Nikafikiri anapenda. Nikasema tena, safi, bila kukohoa. Na sababu alisema nisiongeze wala nisipunguze, nikaweka na ile pumuzi, palepale mbele ya "Mama", na ule ukimya nyuma yake. Ile pumuzi nilikuwa nimeiruka, juu haikuwa ya kuchekesha.

Mujane akakaa chini, juu ya maharagi yangu, hata hakuangalia.

"Kisha akasema nini? Mbele ya laini kukatika?"

"Lingala tu. Mi sijue."

"Masikio yako inajua. Sema."

Nikafunga macho, nikatafuta ile sauti fasi ilikuwa imejiweka, nikaitosha: "Kanga motema."

Mukamwana akauliza ni nini. Mujane aliniangalia mi, akasema pole pole: "Mama, ile neno waliniambia na mi. Ni kusema ufunge moyo. Haiko neno ya repo."

Nikasema tena, kanga motema, mu ile sauti nzito, bila kutaka, kinywa ilijiendea yenyewe. Na pale njo nilimusikia mara ya kwanza. Haikuwa sauti ya mutu mwenye kushiba. Ilikuwa ya mutu mwenye kubeba kitu ya kumushinda, anatafuta fasi ya kuitua, na ile fasi ilikuwa mi. Repo yenye alisema haina kurudia kazi.

Mukamwana hakulia. Alienda ku kamba, akachukua triko yenye ilikuwa inatonya, akaivaa palepale, ikamulowesha mpaka ku miguu. Akanusa mukono ya kuume, akanusa ya kushoto. Sabuni. Aliniangalia tu, akaingia mu nyumba. Kama angenitukana, ningelala muzuri zaidi.

Telefone ililia tena kesho yake. Komanda alisema mwili iko njiani, mu kamio, lakini kamio haiwezi kuvuka: ile daraja ya miti haibebe tena gari, inabeba tu mutu na mbuzi. Tukutane pale, tumuchukue na mabega. Na tukuye watu kidogo, bila ngoma, bila kulia.

Nikarudia ku sanduku ya bati. Vitu ilikuwa ileile, lakini sasa nilizichagua ingine namna. Mara ya kwanza nilikuwa namutengenezea fasi. Mara ya pili nilikuwa naachanisha: hii inabakia na siye, hii inaenda na yeye. Kashati ya batizo, aende nayo. Gurudumu ya chukudu, aende nayo, mwanaume asikose kitu ya kutengeneza. Kikombe nilitia mu fungu ya kuenda, nikaitosha, nikairudisha, mwisho nikainywea maji, ikabakia na mi. Kofia ya kaka yangu niliiweka pembeni. Sikujua iko ya fungu gani.

Munisikilize hapa. Mama yangu mi alikuwa mwanamuke wa Walikale, wa mu pori. Alikuya kuolewa huku ku milima, akakuya na mambo ya kwao. Kwao, mutu akianguka mu pori, mwili kurudia haitoshi. Mujomba yake anaenda ku maji ya kwanza yenye inatenga pori na kwao, anasimama upande wa nyumbani, anamuita jina ya utoto, na sauti ya nguvu, ivuke maji. Kisha watu wanamuachia fasi mu njia, apite. Kama haitwe, mwili unazikwa, lakini yeye anabakia kule, anafuata maji, anateremuka nayo. Na kisha watoto wakienda kuchota, wanasikia mutu anawauliza njia.

Kaka yangu alishaita wengine vile. Nilimusikia mara mingi. Lakini yeye mwenyewe iko chini ya udongo, na mujomba mwingine hakuna.

Katekista akakuya kutuombea. Nikamuambia kama ku daraja tutaita. Akainua kidole, akaanza na pua yake: "Maaama, Yesu njo anaita wafu."

"Sawa, Papa Katekista. Yesu amuite mpaka mbinguni. Mi namuita tu mpaka nyuma ya nyumba, ku migomba."

"Na nani ataita? Ni kazi ya mujomba. Mujomba hakuna."

Nikamujibu na sauti ya kaka yangu. Maneno ilikuwa ya kawaida tu, "Ingia ndani, mvula iko nakuya", lakini katekista akageuka kuangalia mulango. Alikuwa rafiki ya kaka yangu. Siku ya kuenda, alikuya vilevile, na musalaba mu mukono.

Tukafika ku daraja jua ikiwa bado juu. Siye wanne: mi, mukamwana na ile triko, mujane, katekista, na nyuma yetu wanaume wa kubeba. Njiani maharagi ilikuwa imekauka mu mashamba, imepasuka, inamwangika chini, na hakuna mutu wa kuvuna. Nikaona vile, nikaacha kuongea. Mukamwana akasema, "Mama, sema kitu. Ukinyamaza we, njo naogopa." Nikatafuta sauti ya kuiga, nikakosa. Hata ndege hazikuwa zinalia.

Juu ya daraja kuko mulima moja. Ile wiki hakuna mutu alijua nani analala juu yake. Kuna siku ilikuwa hawa, kuna siku wale, na wote wana bunduki.

Kamio ilikuwa ngambo, imefunikwa na majani sawa mutu anajificha deni. Basoda wakavusha sanduku ya mbao, wakaiweka upande wetu, ku majani. Nikatafuta komanda. Nilikuwa natafuta tumbo. Kumbe ni kijana mwembamba, shingo sawa ya kuku, macho mwekundu. Akafungua kinywa na ile sauti nzito ikatoka, nikajiuliza analala nayo wapi.

"Mama," akasema, na ile pumuzi ileile mbele.

"Komanda," nikasema, "chakula yako yote inaenda mu sauti."

Alitaka kucheka, uso ukakataa. Akafungua vifungo ya shati, akatosha drapo, bendera ya inchi, imekunjwa, imelowa na jasho yake. Hakuipeperusha. Aliitandika juu ya sanduku, akaangalia mulima, kisha akatoa amri kwa basoda yake. Mi nimesikia amri mingi mu maisha yangu, zote ni za kupasua masikio. Ile ilikuwa ya kunongoneza: "Gardavu." Sawa vile mutu anaambia mutoto asiamushe mwenzake. Wakapiga mikono ku uso bila kupiga miguu chini. Hakuna mutu aliimba. Maji tu njo ilikuwa naongea. Kisha akaikunja drapo haraka, akanitia mu mikono.

"Ficha, Mama. Chini ya kitenge. Sasa mubebe, muende. Hakuna kulia. Ile mulima iko na masikio."

Nikamuambia: "Bado hatujamuita."

"Kuita nani?"

Mujane akamuelezea. Komanda akatikisa kichwa. "Te, Mama. Te. Ile mulima ikisikia watu wanaita soda, inajibu na masasi. Mi nilimutosha mu pori, nilimulinda njiani. Sitaki kuzika ingine hapa."

Na alisema kweli, ile ilikuwa shida. Nikimuita, naweza kuua hawa wote. Nisipomuita, nazika mbao, na mutoto yangu anabakia mu maji, anauliza watoto ya wengine njia. Nikaangalia mukamwana. Alikuwa amekunja mikono ya triko, anaitia mu kinywa, juu asilie. Katekista alikuwa anaangalia chini. Hakunisaidia, hakunikataza.

Nikafungua fungu langu, nikachukua kofia ya kaka yangu, nikaivaa.

"Komanda," nikasema, "ile mulima ikisikia muzee anaita kijana wa mbuzi, juu mvula iko nakuya, inapiga masasi?"

Akaangalia kofia. Akaangalia mbingu, na ni kweli mawingu ilikuwa imeanza kujaa upande wa Walikale. Kila jioni mu hii milima watu wanaitana vile, toka mulima mpaka mulima, na hakuna mwenye bunduki anageuza hata kichwa.

"Mara moja," akasema. "Moja tu."

Nikasimama pembeni ya maji. Nikapanua kifua, nikamuacha kaka yangu aingie. Yeye alikuwa anaita na shingo ya nyuma, mwanzo chini, mwisho juu, na kukasirika kidogo, juu alikuwa anapenda sana ule mutoto. Nikafunga macho.

"Eeeee! We kijana!" Nikatia jina yake ya utoto. Ile jina sitaitaja hapa. "Eeeee! Rudisha mbuzi! Mvula iko nakuya! Pitia ku daraja, usipitie mu maji! Kuya kula!"

Ikavuka. Niliisikia vile inavuka, inapiga mulima, inarudi. Basoda walikuwa wamelala chini, vidole ku bunduki. Hakuna sasi. Komanda akaanza kuinuka.

Na pale mulima ikajibu.

"Niko nakuyaaa!"

Ilikuwa sauti ya kijana, mbali, sawa ya mutu anateremuka akikimbia. Komanda akarudi chini. Katekista akashika musalaba na mikono mbili. Mujane akanishika mukono, akaniuliza na pumuzi tu: "Mama, ni ya nani ile sauti? Ni mutoto ya nani?"

Mbuzi haziko tena mu ile mulima. Zilikulwa zote, hata za kaka yangu. Na mi ninajua sauti zote za huku: ya wazee, ya wanawake, ya vijana wenye sauti inavunjika. Nikiisikia mara moja inabakia. Ile sikuijua. Haikuwa ya mutoto yangu, nasema kweli mbele ya Mungu, sitaki kujidanganya. Inaweza kuwa mwenye bunduki moja kule juu, anatucheka. Inaweza kuwa mutoto ya mutu. Mpaka leo nikitaka kuiiga, kinywa inafunguka na hakuna kitu inatoka.

Lakini ilisema inakuya.

Mukamwana njo alisogea wa kwanza. Alitoka katikati ya njia, akasimama ku majani, akaacha fasi ya mutu moja kati yake na sanduku. Mujane akasogea. Katekista akasogea, na musalaba yake. Komanda hakuelewa, lakini alituona, akasogea vilevile, na basoda yake nyuma yake, wote ku pembeni, na njia ikabakia wazi kutoka ku daraja. Tukangojea kidogo. Tone za kwanza za mvula zikaanza kupiga mbao ya sanduku.

Kisha wanaume wakabeba. Nikavua kofia, nikaifunga mu kitenge pamoja na drapo. Tukaanza kupanda, tukiacha ile fasi mu katikati yetu, na hakuna mutu aliangalia nyuma.